Gari Linaloogopa Baridi

Jumatatu, 6 Julai

Aibu! Leo asubuhi nimepitwa na mkokoteni. Mlima wa hospitali, gia ya kwanza, mafuta nimekanyaga mpaka mwisho, gari linahema tu. Msukuma mkokoteni kanipungia mkono. Sikumjibu, mshenzi yule.

Jambo lenyewe si dogo. Ijumaa mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho huko juu. Akikosa zamu yake, ni mpaka mwakani, na hivi sasa anamimina chai kwenye bakuli la sukari. Nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka mimi. Mke wangu kasema kwa upole tumwombe Kiyoyozi. Huyo ni mume wa dada yake, tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kukitaja kiyoyozi cha gari lake. Kiyoyozi! Kwenye baridi hii! Nimekataa katakata.

Jumanne, 7 Julai

Nimempitia fundi. Kauliza kama kuna kitu nimebadilisha tangu baridi ianze. Nimemwambia hakuna. Blanketi si kitu, ni huruma tu. Kila usiku naifunika injini, kuanzia chujio la hewa hadi betri, na asubuhi naliacha humo humo ili isishikwe na mafua njiani. Akataka nimwachie gari. Ala! Lilale gereji, Kiyoyozi apate nafasi? Sidanganyiki.

Nimefanya uchunguzi mwenyewe. Asubuhi gari halina nguvu. Mchana jua likitoka naondoa blanketi, gari linaruka kama mbuzi. Ushahidi gani tena? Ni baridi. Dawa: blanketi la pili.

Jumatano, 8 Julai

Ugonjwa umezidi! Mlima umenishinda katikati, nimerudi kinyumenyume hadi chini, wanafunzi wakishangilia. Baridi ya mwaka huu si ya kawaida.

Nimepunguza uzito. Nimeng'oa kiti cha nyuma, nimetoa tairi la akiba na jeki. Mke wangu kauliza yeye na dada yake watakaa wapi Ijumaa. Nimemjibu waende kwa miguu, kwani wanaopasuliwa ni wao? Kasema sikio la kufa halisikii dawa. Kaingia kuoga, nami nikachukua blanketi la tatu, lile zito la wageni.

Ijumaa, 10 Julai

Kumekucha na ukungu. Mama mkwe mbele, mkoba mapajani. Kaniambia anakiogopa kisu, lakini anaogopa zaidi kufa bila kuuona uso wa mjukuu wake mdogo. Nikamwambia mama, tutafika.

Wapi! Nusu mlima gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika. Na nyuma yetu nani? Kiyoyozi! Mke wangu alikwishampanga tangu jana atufuate. Kashusha kioo, kasema ndani kwake kuna joto zuri. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye.

Mama mkwe akagoma kushuka, kwa kuwa haoni pa kukanyaga. Akainamisha kichwa, akanisikiliza ninavyohangaika kuwasha. Kisha akasema gari hili linahema kama mtu aliyezibwa pua, nimelifunika na nini? Nikasema kijiblanketi tu. Akaniita jina ambalo sitaliandika hapa.

Nikafungua boneti. Loo! Blanketi la wageni lilikuwa limefyonzwa ndani ya bomba la hewa, limebaki pindo tu. Tulilivuta wawili, mimi na Kiyoyozi, kama tunazalisha ng'ombe. Yale mengine mawili nikayatupa mtaroni. Gari likawaka, likapanda mlima likinguruma kwa raha! Tuliingia mapokezi jina la mama mkwe likiitwa.

Jumapili, 12 Julai

Bandeji imetolewa. Mama mkwe kamwona mjukuu wake, kamshika mashavu, kalia. Tumelia sote, hata Kiyoyozi.

Kisha tukamtoa nje, akaliona gari langu kwa mara ya kwanza. Akalizunguka polepole. Akauliza kama kweli ndilo alilopanda. Akaenda kuketi kwenye gari la Kiyoyozi na mlango akaufunga mwenyewe.

Imeniuma, sifichi. Lakini simlaumu, jicho bado bichi. La maana ni kwamba ugonjwa nimeugundua mwenyewe, bila fundi: gari lilitaka hewa. Basi na livute mpaka lishibe! Jioni hii nimeling'oa chujio la hewa zima na kulitupa jalalani. Vumbi litajua pa kwenda.

Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nitamng'olea na Kiyoyozi la kwake. Kanisaidia pale mlimani, siwezi kumnyima fadhila.