Lalamiko Kuhusu Chumvi Iliyoonekana Kwenye Oili ya Pikapu Yangu

Nambis, Mbulu
Mwezi wa tatu, masika yakikaribia

Ndugu Mkuu wa Maabara ya Vilainishi, Arusha,

Pokea heshima zangu na za pikapu yangu, ambayo ndiyo mgonjwa anayehusika.

YAH: OILI YANGU KUSEMWA KWAMBA INA CHUMVI

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio katika wilaya za Mbulu na Hanang, kazi niliyoianza nikiwa bado na nywele. Muda wote huo nimewauliza watendaji swali moja: takwimu ziko wapi? Nimewakera wengi kwa swali hilo. Sasa maabara yenu imenitumia takwimu nilizoziomba mwenyewe, kwa wakati, zikiwa kamili, na nimegundua kwamba sizipendi.

Maelezo ya awali ni mafupi. Nina pikapu ya dizeli iliyoundwa mwaka 1991. Ndiyo inayonifikisha Yaeda Chini, kule bondeni, mahali ambapo waandishi wenzangu hufika kwa simu. Mke wangu Fransiska anasema pikapu imezeeka, mimi pia nimezeeka, na wazee wawili hawafai kuteremka bondeni wakati wa masika bila mtu mzima wa kuwaangalia. Maneno yake kamili ni haya: "Baba Lucia, ukikwama kule chini na mvua, habari itasomwa na mwingine, na habari yenyewe itakuwa wewe." Amekwisha kumpata mnunuzi, Hasani wa Dongobesh, muuza vipuri, ambaye hana haja ya kuiendesha. Anataka kuifungua na kuiuza vipande. Familia itakaa kikao Jumapili baada ya misa ili iamue. Pikapu ikiondoka, nitakuwa mwandishi wa kibarazani, mwenye simu na kiti.

Nikaona nipeleke ushahidi kwenye kikao. Nilikuwa nimesikia kwamba oili chafu inaweza kupimwa kama damu. Chuma kikionekana kingi, injini inajila yenyewe. Vumbi likizidi, chujio la hewa limeshindwa kazi. Sodiamu, yaani ile iliyomo kwenye chumvi, ikipanda, kuna uwezekano kwamba maji ya rejeta yanapenya na kuingia kwenye oili. Huku kwetu oili chafu hupakwa kwenye nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Sijui mtu mwingine aliyeipandisha basi kwenda Arusha. Kondakta aliniuliza mzigo ni nini, nikamweleza, akaishika chupa kwa mikono miwili na hakunitania mpaka basi lilipoondoka.

Majibu yenu yalifika yakiwa na rangi nyekundu. Fransiska hakusoma maneno. Aliona rangi, akayabandika ukutani kando ya kalenda ya parokia. Kwa sababu hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Vumbi. Mmeandika kwamba oili ina vumbi kupita kiasi. Njia ya Yaeda Chini wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Kuna sehemu dereva hufuata kumbukumbu badala ya barabara. Taarifa kwamba gari lililotoka huko lina vumbi ingekataliwa na mhariri yeyote kwa kukosa upya. Ni kweli kwamba chujio la hewa ndilo lililopaswa kulizuia, na kwa haki nimekwenda kulikagua. Lilikuwa na tundu, nalo tundu limezibwa kwa kipande cha kandambili. Nilikiweka mwenyewe mwaka juzi. Bado kimekaa vizuri, upande mmoja.

2. Chuma. Mmelinganisha chuma changu na wastani wa "injini nyingine za aina hiyo". Naomba kujua injini hizo zinaishi wapi. Nashuku kwamba zinaishi kwenye lami na kulala bandani. Napendekeza mtumie kipimo cha huku. Dongobesh kuna lori la mahindi ambalo kila siku ya mnada huwashwa kwa kusukumwa na wauzaji pamoja na wanunuzi, likishateremka kilima ndipo watu huanza kupatana bei. Mkilifanya hilo kuwa wastani, pikapu yangu itaonekana kama imezaliwa jana.

3. Chumvi. Hili ndilo lililoniumiza. Nilipiga simu maabara, akapokea mtaalamu wenu anayeitwa Raya. Aliniamkia kwa heshima: "Shikamoo mzee. Oili yako ina sodiamu nyingi sana." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza imetoka wapi. Akaniuliza yeye: "Mzee, uliiweka kwenye chupa gani?" Nikasema chupa safi. "Ilikuwa ya nini kabla?" Hapo nikatambua kwamba ninahojiwa, na kwamba nilikuwa najibu kama mtendaji wa kata.

Nasema ukweli kama nilivyomwambia. Chupa ilikuwa ya kunyweshea ng'ombe. Shemeji yangu Basili, kaka yake Fransiska anayefuga kule Gitting, huyeyusha chumvi ya Ziwa Balangida kwenye maji, akamwinua ng'ombe kichwa, akamimina kupitia pembeni mwa mdomo. Kwa kazi hiyo inahitajika chupa yenye shingo ndefu, na chupa yenye shingo ndefu inafaa sana kubebea oili ndani ya basi. Niliinusa, haikunuka. Ndani ilikuwa na weupe kidogo, nikadhani ndiyo rangi yake. Mwongozo wenu ulisema "chupa safi na kavu". Gitting, chupa inayomtibu ng'ombe ni safi kuliko ya soda, na hii ilikuwa kavu kabisa, kwa kuwa chumvi yote ilikuwa imegandia ndani. Mlipaswa kuandika "chupa isiyojuana na ng'ombe". Kosa ni la mwongozo. Basili nilipompa habari hiyo hakuuliza hali ya injini. Aliuliza, "Sasa shemeji, chupa yangu inarudi lini?"

4. Rejeta. Pamoja na chumvi, mmeshauri nichunguze kama maji ya rejeta yanapungua. Yanapungua, na sijawahi kuona ubaya wake. Kila ninaposimama kusalimia watu, pikapu nayo hupewa maji kutoka kwenye dumu ninalobeba nyuma. Nilidhani ni adabu. Fundi wangu Yakubu, ambaye ana gereji Mbulu mjini, ameniambia mara nyingi, "Mzee, gari halikaribishwi maji. Likiomba, linaumwa." Yakubu ni kijana wa mjini na sitaki kumjibu kupitia barua hii.

5. Hesabu ya haki. Chumvi ni ya Basili. Vumbi ni la Yaeda Chini. Chuma, nimekumbuka, kimetoka kwenye debe nililokingia oili chini ya injini kabla ya kuimimina chupani, ambalo lina kutu kiasi kwamba kuku walikuwa wamelikataa. Kwa hiyo naomba mtoe chumvi, mtoe vumbi, mtoe chuma. Shaba, ambayo nayo mmeiandika, sijaipatia mwenyewe bado, nipeni muda. Mkishatoa vyote hivyo mtaona kwamba hakuna kitu ndani ya oili hiyo kilichotoka kwenye injini yangu. Injini ilikuwepo tu wakati mambo hayo yakitokea. Nikiendelea na hesabu hiyo hadi mwisho, sina uhakika hata kama oili yenyewe ni yake.

6. Kuvuja kwa siri za matibabu. Chini kabisa ya ripoti mmeandika ushauri: "Epuka safari ndefu, epuka mzigo mzito, pima tena mapema." Maneno hayo, neno kwa neno, niliambiwa mwezi uliopita na muuguzi wa zahanati aliyenipima presha. Aliongeza kwamba nipunguze chumvi. Nilidhani hayo ni yangu binafsi. Naomba kujua ni nani aliyewapa, na kama ni Fransiska, aliwapa kwa simu au alikuja mwenyewe. Kama maabara yenu inapima pikapu na mwenye pikapu katika chupa moja, basi mtoe ripoti mbili, ili kikao kijue kinamuuza nani.

MAOMBI. Kwa kuzingatia hayo yote, naomba mtoe ripoti mpya kabla ya Jumapili, yenye rangi ya kijani na mhuri unaoonekana kutoka mlangoni, isemayo: "Injini inafaa kwa umri wake na kwa barabara zake." Sihitaji tarakimu. Natambua kwamba mtu aliyedai tarakimu maisha yake yote akiomba cheti kisicho na tarakimu anaweza kuchekwa. Watendaji niliowahi kuwahoji wameanza kunicheka. Mmoja wao, Theodory, ambaye alikuwa ofisa kilimo na niliwahi kumbana kuhusu takwimu za mvua, na sasa amestaafu, alinisimamisha sokoni mbele ya watu wengi, akasema, "Bonaventura, kumbe hata mvua za mwaka ule nilizokupa takwimu zake zilipimwa kwa ndoo chafu? Pole sana, bwana." Nilimwambia hakuna uhusiano. Akaniomba takwimu.

Mkiona ombi langu ni gumu, ripoti iliyopo iacheni na rangi muibadilishe. Kikao hakitasoma maneno.

Nisalimieni wote hapo maabara: Raya kwa namna ya pekee, na mwambieni siku akichoka na mafuta, redio ina nafasi, walinzi wa getini, na yule aliyeandika lebo kwenye chupa yangu, ambaye aliona chumvi imegandia shingoni, akaipokea kwa heshima. Fransiska anawasalimu, bila kuniambia kwa nini. Basili anasalimia chupa.

Wenu mwenye oili,
Bonaventura Tlehema
Mwandishi wa habari, Mbulu na Hanang

Nakala: Ukutani, kando ya kalenda.

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii nilikuwa nimeifunga ikisubiri basi la kesho. Mchana Hasani akaja kutoka Dongobesh kuitazama pikapu. Fransiska ni mwanamke mkweli, hivyo kabla hajampa chai alimwonyesha ripoti yenu. Hasani aliisoma yote, kitu ambacho hapa nyumbani hakuna aliyekifanya kwa makini, nikiwemo mimi. Kisha akatoka, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza. Chini yake kulikuwa na povu zito la rangi ya uji wa maziwa. Akalichota kwa kidole, akanionyesha. Hayo ni maji ndani ya oili. Hakuna ng'ombe aliyekuwa amefika hapo.

Akamrudishia Fransiska karatasi. "Mama Lucia, mimi nilikuwa nanunua injini. Yaliyobaki haya ni milango. Siku mkiuza milango mniite." Akanywa chai, akaondoka.

Yakubu amekuja jioni. Anasema ni gasketi ya silinda, ile inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye oili, imeanza kuachia, na ningefika Yaeda Chini kwenda, kurudi nisingerudi. Fransiska alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakusema niliyotegemea aseme. Alimuuliza Yakubu kama inatengenezeka. Yakubu akasema inatengenezeka, kwa kuwa imeonekana mapema. Fransiska akasema, "Basi ifunguliwe Jumatatu. Jumapili tutazungumza mambo mengine." Ripoti ikabaki ukutani.

Kwa hiyo naondoa malalamiko namba moja hadi sita, pamoja na maombi. Tafadhali msiniletee ripoti ya kijani; Hasani anaweza kupata habari zake akarudi. Ile nyekundu iacheni ilivyo. Kama wino upo, iongezeni wekundu.

Masika yameanza usiku wa jana. Habari za Yaeda Chini za wiki hii nimezikusanya kwa simu, nikiwa kibarazani. Nimezituma. Mhariri amesema ni nzuri, na hakuona tofauti.