Picha ya Nusu Dakika Pale Ziwani

Habari iliyotuwasha asubuhi ile ilikuwa ya simu mpya yenye kamera tano mgongoni. Andati, ambaye sisi humwita Reli kwa sababu alistaafu kazi ya reli zamani na kofia yake bado hajairudisha, aliisoma gazetini kwa sauti pale besi, yaani kijiwe chetu cha mtaa wa Ziwani, kando ya kibanda cha chai cha Rispa. Akauliza mtu mwenye sura moja anataka kamera tano za nini.

Phares akasema yeye anaweza kupiga picha bila lenzi hata moja.

Huyu Phares alipiga picha za harusi miaka kumi na tano, mpaka kila mjomba akanunua simu na maharusi wakamsahau. Tangu hapo anashinda nasi kwenye benchi. Kwa hivyo tulimcheka. Aliyecheka kutuzidi ni Kimeu, ambaye mtaani huitwa Zii, yaani hapana, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata ukimuuliza kama ameamka salama.

"Zii, buda," alisema. "Kamera bila lenzi ni mandazi bila unga."

Kesho yake Phares alikuja na kamera yake ya zamani ya filamu. Lenzi alikuwa ameing'oa, mahali pake akabandika kipande cha mkebe wa soda kwa utepe mweusi wa mafundi wa stima. Katikati alikuwa ametoboa tundu kwa sindano ya mkewe Lydiah, tundu dogo hata ukilitafuta unalikosa. Alieleza kwamba mwanga huingia hapo kidogo kidogo, kwa hiyo lazima tukae nusu dakika bila kusonga.

Rispa alimwambia tundu si shida, shida ni hiyo nusu dakika. "Nimewauzia hawa chai miaka saba. Hata matangani hawanyamazi."

Tukajipanga kwenye benchi. Phares aliweka kamera juu ya kreti, akabonyeza kitufe na kukishikilia, midomo ikihesabu. Kufika kumi, Reli alikuwa amelala. Kufika kumi na tano, goti langu liliniwasha nikalikuna. Kimeu naye alitikisa kichwa mwanzo hadi mwisho, kutujulisha kwamba hapo hakuna kitu kitatoka.

Phares akapeleka filamu kusafishwa mjini, na wiki nzima hatukumwona. Tulianza kwa kusema ameona aibu. Siku ya nne Reli akasema huenda tulimcheka mtu vibaya, na hakuna aliyempinga, hata Kimeu.

Alhamisi akatokea na bahasha. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, lakini ilikuwa yetu: ukuta, kibanda, birika la Rispa limetoka wazi kuliko binadamu. Reli, kwa kuwa alilala, alitoka safi hadi vifungo vya koti. Mimi nilikuwa na magoti matatu. Kimeu alikuwa na shati, mikono na kola, na juu ya kola kulikuwa na ukuta tu.

Aliigeuza picha, akatazama nyuma. "Kichwa changu kiko wapi?"

"Kilikuwa kinasema zii," Phares akamjibu.

Rispa aliitundika kibandani. Wateja wakawa wanakunywa chai wakiuliza habari za marehemu asiye na kichwa, na Whitney wa saluni akamwomba Phares awapige picha yeye na wasichana wake vilevile, kwa hilo tundu. Phares akanunua filamu nyingine. Nilikuwa sijamwona akitembea haraka hivyo tangu enzi za harusi.

Jumatatu Kimeu alifika mapema, shati limepigwa pasi, akamnong'oneza Phares kwamba mama yake kule Machakos angependa picha yenye mtoto mzima. Akaketi. Phares akabonyeza. Sekunde thelathini zikapita, Kimeu hakutikisika wala kutoa sauti.

Rispa aliweka birika chini, akaniuliza polepole kama bado anapumua.