Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Uchunguzi wa Pikipiki Zinazogoma Asubuhi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe. Makamu Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu lakini alipita kwenye usaili kama watu wengine. Waheshimiwa mliokaa kwenye viti vyenye mito, waheshimiwa mliokaa kwenye viti visivyo na mito, na ninyi ndugu zangu wapendwa mliosimama kwenye manyunyu: itifaki imezingatiwa, na ambaye hakuzingatiwa avumilie. (Makofi machache. Mtu anapiga chafya.)

Niombe radhi kwa kuchelewa kidogo. Nilikuwa nanyoosha tai. (Mzee mmoja: "Tangu asubuhi?") Tai ni ndefu, mzee wangu.

Ndugu wananchi, mbele yenu, ikiwa imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi, imesimama pikipiki ya zahanati yetu, chombo chenye umri mkubwa kuliko ndoa nyingi za hapa na kelele zaidi ya hizo ndoa. Kwa muda mrefu ofisi yangu imekuwa ikipokea malalamiko kwamba alfajiri, baridi ikiwa imeshika, pikipiki hii hupigwa kiki mpaka mguu unakufa ganzi nayo haiwaki, na kwamba mama mkunga wetu, yule pale mwenye mkoba, hulazimika kwenda kwa miguu kuzalisha wake zenu, na mara mbili amekuta mtoto keshafika na anamsubiri yeye. (Vicheko. Mkunga hacheki.)

Mimi si kiongozi wa kulalia masikio. Papo hapo niliunda kamati, na kamati ikaunda fremuwaki, yaani mfumo wa kazi, na fremuwaki ikazaa kamati ndogo tatu: ya plagi, ya kabureta, na ya choki, yaani kile kidude cha kubana hewa ili injini ya baridi ipate mafuta ya kutosha, ambacho jina lake nimelifahamu jana usiku na nimelipenda sana. (Makofi ya shemeji.)

Uchunguzi ulikuwa wa kisayansi kabisa. Kwa kuwa kanuni zetu zinakataza kiongozi kupokelewa na kitu chochote ambacho hakijawa tayari, kila nilipokwenda kuikagua pikipiki hii, mchana, baada ya chai, nilikuta vijana wa itifaki wameshaisukuma mteremkoni, wameiwasha, na wameizungusha uwanjani mpaka injini imekuwa kama pasi. Mimi nikagusa kiki kwa ncha ya kiatu tu, ikawaka! Nikarudi wiki nyingine, ikawaka! Ufanisi wa asilimia mia moja, na kuna siku ulipita hapo. (Sauti: "Si ilikuwa ya moto?") Ilikuwa ya moto, asante sana ndugu yangu, na hayo ndiyo mafanikio ninayoyazungumzia.

Kwa hiyo, baada ya kuwashirikisha stekihoda, yaani wadau, wote waliokuwepo wakati wa chakula, tulihitimisha kwamba ugonjwa hauko kwenye pikipiki. Ugonjwa uko kwenye asubuhi. Na ndiyo maana leo nazindua Kituo hiki mnachokiona nyuma yangu, chenye wekishopu ya kisasa, fundi mkuu mwenye ovaroli, na chumba maalumu cha baridi ambamo pikipiki italazwa, ipimwe, ishauriwe...

(Mkunga anasogea mbele, simu mkononi.)

Mama, maswali yana wakati wake, lakini mimi ni msikivu. Uliza.

"Sina swali, Mheshimiwa. Nimepigiwa simu. Kuna binti uchungu umemshika huko ng'ambo ya mlima, mimba ya kwanza, na mtoto ametanguliza miguu. Mimi mambo ya mitambo siyajui. Naomba kitu kinachotembea."

(Minong'ono.) Hii ni bahati ya ajabu! Mama mkunga ataondoka na ushahidi hai wa kazi yetu. Fungueni utepe. Acha, usikate wewe, nakata mimi. Haya, tazameni kiatu changu. (Kiki. Pikipiki inakohoa, inanyamaza.) Bado inakusanya mawazo. (Kiki. Kiki.) Vijana wa itifaki, hamkuipasha moto?

"Tuliipasha, mzee. Ratiba ilisema unaanza saa tatu. Sasa ni saa nane, na hotuba nayo..."

Ndugu wananchi, haiwaki! Kwa mara ya kwanza nimeuona ugonjwa kwa macho yangu! Andikeni kwamba nimeuona! (Vicheko.) Sasa natumia utaalamu: navuta choki. (Kidude kinachomoka na kubaki mkononi mwake, na kipande cha waya kikining'inia.) Hiki... hiki nacho tutakiundia kamati.

(Wananchi: "Fundi mkuu aje!" "Toeni spana!")

Muda hauturuhusu. Naomba tuseme pamoja: Pikipiki! (Watu wawili: "Iwake!") Baridi! ("Ikome!") Kabla sijafunga, itifaki hainiruhusu kumsahau mtu. Namshukuru mwenye ghala la magodoro kwa kutuazima ukuta wake wa mbele, na namhakikishia kwamba jina la Kituo limeandikwa kwa chaki na manyunyu haya yatalifuta lenyewe. Namshukuru mpiga picha kwa kukubali kuvaa ovaroli. Nawashukuru wajumbe wa kamati ndogo tatu, ambao wote ni shemeji yangu. Na namshukuru dereva wangu, kijana mtiifu ambaye hawezi kuliwasha gari bila amri yangu.

(Gari linawaka.)

Mnasikia? Mara moja tu! Huo ndio utunzaji wa... Dereva? Dereva, huyo unayemfungulia mlango ni mama mkunga? (Shangwe. Watu wanasogeza viti vyenye mito ili gari lipite.) Wananchi, tulieni, hayo ni maelekezo yangu! Nilimwagiza kwa macho! Mama, fika salama, na mtoto huyo akizaliwa mpeni jina langu!

(Mkunga, kichwa nje ya dirisha: "Akichelewa, nitampa!" Gari linapotea kwenye kona. Makofi makubwa, ya kwanza ambayo hakuna aliyeyaomba.)

Asanteni, asanteni sana. Makofi hayo nayapokea.