Nitaifikia Ulaya Alhamisi

Jumatatu, 3 Septemba 1984
Redio imesema nchi changa kama yetu huenda zikahitaji miaka mia kuwafikia Wazungu kimaisha. Upuuzi! Mimi nitawafikia Alhamisi.

Siku hiyo anakuja mtafiti wa Kizungu pamoja na Thomasi, bwana maji. Watapima hali ya maisha katika nyumba moja hapa kijijini na nyumba moja kule Daa, kijiji jirani. Kisha watatoa pampu ya maji. Moja tu! Mwenyekiti amechagua kwangu kwa sababu mimi ni balozi wa nyumba kumi, na pia kwa sababu paa langu linavuja kuliko yote. Sababu ya pili sikuipenda.

Mke wangu Germana ameimba kwa furaha. Korongoni tunakoteka maji ni saa nzima kushuka, kupanda usiseme, na mgongo wake umeanza kukataa. Anataka wageni waonyeshwe mgongo huo na debe tupu, basi. Eti mficha uchi hazai. Masikini, hajui mambo. Shuleni zawadi hupewa wa kwanza. Nani amewahi kuona wa mwisho akipewa daftari?

Jumanne, 4 Septemba
Siku ya kuazima. Viti vinne kwa katekista. Redio kwa mwalimu (haina betri, ila eriali yake ni ndefu). Sukari kijiko kijiko, nyumba kwa nyumba.

Halafu Hhando. Jirani huyu alipika miaka ishirini katika hoteli ya watalii Ngorongoro, na hachoki kutukumbusha. Alipostaafu alirudi na sinki la kuogea, lile jeupe la kulala ndani. Ndama wake wanalinywea maji. Ndama! Nimeliomba. Akasema atanipa nikikiri mbele ya watu kwamba sijawahi kuoga kwenye kitu kama kile. Nimekiri. Kwa ajili ya taifa.

Jumatano, 5 Septemba
Wanaume wanne tumelibeba mabegani. Njiani watu walivua kofia. Bibi mmoja akauliza aliyefariki ni nani. Nikamjibu ni umaskini. Akanipa pole.

Lakini sinki tupu halina heshima. Linataka madebe tisa. Nimemweleza Germana kwa upole. Akachukua kamba na punda. Safari tatu: madebe mawili kwa punda, moja mgongoni kwake. Safari ya mwisho amerudi ameinama, na hakunyooka tena. Machozi yalimtoka. Nadhani ni furaha.

Alhamisi, 6 Septemba
Ushindi! Mtafiti alikalia kiti cha katekista, akanywa sukari ya kijiji kizima. Thomasi alitafsiri. Tunakula mara ngapi kwa siku? Tatu, nikasema. Mwanangu Yohana akauliza lini. Nikakohoa.

Maji tunayapata wapi? Hapo nikavuta pazia. Sinki, limejaa hadi ukingoni! Mara ndama wa Hhando akaingia, hakubisha hodi, akainamisha kichwa, akanywa. Nikaeleza kwamba kwetu hata mifugo huhudumiwa ndani. Mzungu aliandika ukurasa mzima.

Thomasi akamwulizia mama mwenye nyumba. Germana alikuwa chumba cha nyuma, ameshindwa kuinuka. Nikasema amejipumzisha, kama mabibi wa Ulaya. Hilo nalo likaandikwa.

Jumatano, 19 Septemba
Barua imefika. Mwenyekiti ameisoma hadharani. Kijiji chetu hakina shida ya maji. Nyumba iliyopimwa inakaribia kiwango cha Ulaya. Pampu inakwenda Daa.

Daa! Huko walionyeshwa debe lililotoboka.

Katekista alikuja kuchukua viti vyake bila hata salamu. Nilitegemea Hhando atanicheka, hakucheka. Alisema mke wake naye ana mgongo. Sina pa kuuweka uso wangu.

Jumapili, 30 Septemba
Germana ameondoka na watoto. Amekwenda kwa mama yake, huko huko Daa. Hakugomba. Alisema tu, Baba Yohana, kule nitateka maji nikiwa nimesimama.

Nilimsindikiza hadi njia panda. Nimerudi nikashuka korongoni mwenyewe na debe moja. Nimepumzika mara kumi na moja. Miaka yote hii yeye na punda walikuwa wakipandisha matatu! Nimelia, sioni haya kuandika. Uongo basi. Nimeapa.

Jumanne, 2 Oktoba
Mwenyekiti ametangaza kwamba kwa kuwa mahindi ya mwaka huu yalikauka shambani, wanakuja watu kupima njaa kabla ya kugawa chakula. Wataanza na mabalozi.

Nimechungulia ghala langu. Nusu debe ya mahindi na panya wawili, wamekonda. Wageni waone hivi? Balozi mzima? Aibu!

Nimepata magunia sita matupu. Nimeyajaza pumba, juu nikatandaza mahindi, kiganja kimoja kila gunia. Yamesimama yanapendeza, hata mimi nimeshiba kwa kuyatazama.

Nimempelekea Germana habari kwamba nyumbani tuna magunia sita. Safari hii lazima atarudi.