Ndama Wasio na Chapa

Naanza kwa kumtaja Mola, mgawa riziki asiyedanganywa hesabu, na kumtakia rehema Mtume wake, aliyetuonya na kiapo cha uongo. Baada ya hayo niwapange watu wangu. Wa kwanza ni Lamar Quisenberry, mtu wa kofia pana na ulimi laini, asiyemiliki hata kuku. Wa pili ni Ludmila Kovarik, mjane mwenye ranchi magharibi ya Nebraska. Wa tatu ni jirani yake, Emmett Thorsby, mkulima wa mahindi. Wa nne ni ofisa wa serikali, ambaye jina lake halina faida kwetu.

Ulikuwa mwaka wa korona. Machinjio yalifungwa, bei ya ng'ombe ikaanguka, na serikali ikatangaza kuwafidia wafugaji kwa kila kichwa cha mnyama. Lamar aliisikia habari hiyo mkahawani, kijiko cha pai kikiwa njiani kwenda kinywani, na moyo wake ukajaa huruma. Huruma kwa nafsi yake.

Alilijua na jambo jingine. Kila majira ya kuchipua, majirani wa nchi ile hukusanyika kuwapiga ndama chapa ya moto, na chapa ndiyo humtambulisha mwenye mali. Mwaka ule mikusanyiko ilipigwa marufuku, ndama wakabaki ngozi tupu. Ndama asiye na chapa, alijisemea Lamar, ni wa yeyote mwenye kinywa.

Akapeleka madai ya ndama sitini. Ofisa akajibu kwamba angekuja kuwaona kwa macho yake. Hapo ndipo Lamar alipovua kofia mlangoni kwa mjane.

"Mama Kovarik, niazime ndama wako asubuhi moja tu. Nitakukatia fungu."

"Fungu la nini, mwanangu? Wachukue bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Ila ofisa akiuliza, sema ni wako tangu wazaliwe. Usije ukanitaja mimi, mwanamke mpweke, nikaingia matatani."

"Mama, mimi nikidanganya, ukweli wenyewe huona haya!"

Akaondoka akimcheka moyoni. Maskini ajuza huyu, alisema, ataliwa hadi kwato.

Siku ya ukaguzi, ofisa alisimama penye uzio wa malisho aliyoyakodi Lamar, barakoa ikimning'inia kidevuni.

"Bwana Quisenberry, unaapa kuwa hawa ni wako?"

Lamar akainua mkono wa kuume. "Naapa! Tangu wazaliwe hawajawahi kuwa wa mtu mwingine. Nimewalea kama wanangu."

Hajashusha mkono, gari la Emmett Thorsby likafunga breki nyuma yao. Asubuhi ile Ludmila alikuwa amempigia simu.

"Alaa! Kumbe wana baba!" Emmett alifoka. "Mwezi mzima namtafuta mwenye ndama waliovunja uzio wangu wakanilia mahindi. Hawana chapa, ningemshitaki nani?"

"Ndugu yangu, subiri kwanza. Hawa kwa hakika..."

"Kwa hakika nini?" ofisa aliuliza, kalamu tayari.

Lamar aliziona njia zake mbili. Akiwakana, ni jela kwa kuiibia serikali. Akiwakiri, ni mahindi.

"Ni wangu," alisema, kama mtu aliyemeza mfupa.

"Basi hiyo fidia yako yote ni yangu," Emmett alisema. "Na pengo utalijaza kwa lile gari lako."

Wala msomaji asimlilie Emmett. Mahindi yale yalikwisha kulazwa na mvua ya mawe kabla ndama hata mmoja hajayaonja, na serikali hiyo hiyo ilikwisha kumlipa.

Lamar alikuwa akitembea kwa miguu kando ya barabara kuu Ludmila alipompita akiwarudisha ndama wake. Akasimamisha lori.

"Hawakukusumbua, mwanangu?"

"Mama! Ulijua kwamba walikula mahindi ya watu?"

"Sasa kama si hivyo," mjane alisema akitia gia, "ningekuazima bure kwa lipi?"

Mola awahurumie waliobaki katika nchi ile: wake na watoto wa wachinjaji waliokufa kwa maradhi yale, ambao hakuna ofisa aliyesimama penye uzio wao kuwahesabu. Yeye awape riziki isiyohitaji kiapo. Amin.