Kibao cha Shamba Darasa

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na mbili zimebaki! Jumamosi ya tarehe 15 bwana shamba anakuja kuchagua shamba darasa la gusberi, yale matunda madogo ya manjano yanayokaa ndani ya ganda kama yamefungwa kwa karatasi. Wakulima wote watakuwa wanakuja hapo kujifunza. Tunaoshindana ni wawili: mimi na shemeji, mke wa kaka yangu. Kibao cha SHAMBA DARASA nimeshakiandika, herufi nyekundu, kipo nyuma ya kabati. Mke wangu kauliza kama si mapema. Mtu aliyepiga mihuri ofisini miaka thelathini anajua kujiandaa.

Nimezunguka shambani kifua mbele. Samadi yangu imefanya kazi: mimea inanifika kidevuni, majani mapana kama sahani. Matunda bado ya kutafuta. Shemeji, kwenye mteremko wake wa mawe, mimea inamfika kiunoni tu. Anasema gusberi ukiishibisha sana inaota majani na kusahau kuzaa. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi

Ukungu tangu alfajiri. Gusberi inataka jua. Jua limegoma? Tutalitengeneza! Nimefunika shamba zima kwa nailoni, nikabana pembe zote kwa mawe. Mke wangu aliingia mchana, akatoka anajipepea kwa kitambaa cha kichwani. Kasema mle ndani mtu anaweza kuchemsha chai bila moto. Nimeipokea kama sifa.

Ijumaa, 7 Machi

Maua yamepukutika. Yote! Shemeji kachungulia juu ya ua wa miti unaotutenganisha, kasema joto likizidi maua hayashiki. Nikamwambia nimeyapunguza makusudi, nguvu iende kwenye matunda yaliyopo. Jibu lilinijia papo hapo. Kichwa hiki!

Nailoni nimeiondoa, kwa sababu zangu mwenyewe. Udongo ulikuwa umekauka hadi kupiga nyufa, kwa hiyo nimemwaga ndoo arobaini za maji kwa mkupuo. Mgongo unauma, lakini ni maumivu ya heshima.

Jumatatu, 10 Machi

Matunda mengi yamepasuka. Yamekunywa kuliko uwezo wake, hayana adabu. Mazima yamebaki sitini na moja, na bado ya kijani.

Basi leo nimegundua kitu ambacho bwana shamba mwenyewe hajawahi kukiwaza. Jua litaliivishaje tunda lililovaa koti? Nimekaa kwenye stuli kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano nikiyavua maganda, moja baada ya jingine. Vidole vinanata. Sitini na moja, yote uchi, yanang'aa! Mke wangu kaniuliza kama nina homa. Shemeji alipoona akashika mdomo, akarudi kwake haraka. Bila shaka kaenda kuiga.

Alhamisi, 13 Machi

Ndege. Wameacha tisa, na hayo tisa jua limeyababua upande mmoja. Hata hivyo, kwa shemeji hawakutua hata kidogo. Ndege wanajua kitu kizuri kiko wapi.

Nimefyeka ua wote wa miti wa upande wa barabara ili bwana shamba alione shamba langu akiwa bado mbali. Shemeji kapaza sauti kwamba ule ua ndio unaozuia upepo. Nikamwambia ahangaike na mawe yake.

Jumamosi, 15 Machi

Jana mchana upepo ulivuma. Matawi yamevunjika, mimea imelala kifudifudi. Naandika ukweli: asubuhi nilikaa kitandani nimeshika kiatu kimoja, moyo umenishuka, nikafikiria kukichoma kile kibao.

Bwana shamba kaanzia kwa shemeji. Matunda yake yameiva, yameanguka yenyewe na maganda yake makavu, anayaokota tu kwenye kikapu. Bwana shamba kaandika mstari mmoja.

Kwangu kaandika kurasa nne! Kapiga picha. Kapima majani, kachuchumaa mbele ya yale matunda tisa, kauliza mara mbili nani aliyavua. Mimi, nikasema, kwa mikono hii. Kanipa mkono. Kasema kwa miaka ishirini ya kazi hajawahi kuona samadi, joto, maji, jua na upepo vyote vimefanya yao katika shamba moja. Wakulima wataletwa kwangu kwanza, ndipo wapelekwe kwa shemeji. Kwangu kwanza!

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia mlango, machozi yakimtoka. Furaha imemzidi, maskini. Shemeji kanishikia ngazi nikakipigilia kibao misumari sita.

Bwana shamba kaniomba jambo moja tu: nisibadilishe chochote. Nimempa neno langu. Samadi ya msimu ujao imeshafika.