Mukojo wa Waingereza Juu ya Kichuguu Yangu

Ndugu Mhariri wa gazeti la parokia yetu, Bagira,

Amani kwako na kwa wasomaji. Mimi ni Muzee Télesphore, mwenye kichuguu kikubwa kuliko vyote vya Bagira. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha kwa sababu mwalimu alibakia bila kitu cha kunifundisha.

Ninamushukuru sana Professeur Jean-Claude, mwenye aliandika mu gazeti lenu kwamba Waingereza wa zamani walimuita sisimizi "pismire". Anasema kipande cha kwanza ni mukojo, cha pili ni sisimizi, kwa sababu nyumba yake ilinuka mukojo. Elimu nzuri! Tulikuwa tunakufa kwa kuikosa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi sina sisimizi. Niko na kumbikumbi, wenye mabawa na mafuta, nyama ya heshima. Lakini watu walisoma "mukojo" wakaishia pale. Ghislaine, muke wa mutoto wangu, ameweka kikaango chini: Papa, eti, mimi sikaangi choo ya wazungu.

2. Kwetu kichuguu ni ya mwenye kuifunika majani ya ndizi mbele ya mvua yenye kutoa kumbikumbi nje. Magoti yangu imekataa kuinama, ni Ghislaine hufunika. Sasa hataki. Na jirani Bruno, mwenye hajawahi kuogopa harufu yoyote, amekwisha kata majani yake. Mvua iko pale juu ya milima, Ndugu Mhariri!

3. Nani alienda kunusa? Mutu muzima, na kofia yake, anaingiza pua mu nyumba ya mududu? Na kama ilinuka, ni sisimizi alikojoa ao ni Mwingereza? Aanze kuangalia suruali yake.

4. Kwa hiyo, kwa heshima, Professeur aje mbele ya kanisa siku ya dimanche, akule kumbikumbi zangu sahani mbili, atangaze kwamba zinanukia. Halafu Waingereza watume mutu kuomba kichuguu musamaha. Kiti yake iko tayari.

Salamu kwa Padri, kwa kwaya, kwa wagonjwa wote, na kwa Bruno kidogo.

Mimi mwenye haki,
Muzee Télesphore

N.B. Barua hii nimeisoma kwa sauti mbele ya nyumba, nione kama ina nguvu. Ina nguvu mno. Ghislaine amekimbia kukata majani, lakini mutaa muzima nao unakuja na majani na mabeseni, Bruno mbele. Tafadhali, tupa yote ya juu. Andika tu kwamba Professeur alisema kweli, kichuguu yangu inanuka mukojo vibaya sana, na Waingereza ni watu wa akili.